Nyumba Mpya, Usiku wa Baridi
Leo tunazungumzia nyumba mpya inayochemka mchana, kisha alfajiri inakuwa baridi.

Chanzo kikuu ni paa. Bati ni jembamba na halihifadhi joto. Jua likiwaka, bati linaingiza joto ndani. Usiku usio na mawingu, linalitoa upesi kuelekea angani. Ndiyo maana alfajiri unaweza kukuta matone ya maji chini ya bati. Paa la nyasi la wazee wetu lilinasa hewa nyingi, na hewa hiyo ndiyo iliyozuia joto kupita.

Sababu ya pili ni unyevu. Kuta na plasta mbichi zina maji, na maji yanapokauka huchukua joto la chumba. Fungua madirisha mchana, uache nyumba ikauke vizuri kabla ya kupaka rangi.

Ufanye nini? Weka dari chini ya bati. Ziba nyufa kwenye fremu za milango na madirisha. Uwazi kati ya ukuta na paa usiuzibe kabisa; uwekee wavu, hewa ipite na mbu wabaki nje, maana malaria bado inatusumbua huku kandokando ya Ziwa Victoria.

Na tafadhali sana, usilale na jiko la makaa chumbani. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi, haionekani wala hainuki, na huua watu usingizini. Ongeza blanketi. Na kama bado hujaezeka, zungumza na fundi wako kuhusu dari leo.