Dawa ya Bei Nafuu si Dawa Bandia

Tumekwisha kuzoea kuona marundo ya bidhaa bandia yakiteketezwa: betri, kalamu, sabuni, vipuri vya magari. Sijui mtu aliyeulilia moshi ule, nami siulilii. Lakini leo tuzungumze juu ya dawa, kwa maana kwenye dawa neno hili "bandia" laweza kuua kwa njia mbili.

Njia ya kwanza yajulikana. Mtu hushindilia unga usio na kazi katika kidonge, akakiandika jina la dawa ya malaria, mgonjwa akameza na homa ikaendelea kumla. Mtu huyo ni muuaji, na mahali pake ni jela.

Njia ya pili ni ya kisheria, nayo ilitukaribia sana hapa Kenya. Sheria yetu ya kupambana na bidhaa bandia, ya mwaka 2008, ilieleza maana ya kughushi kwa mapana, hata ikagusa vitu vilivyotengenezwa bila idhini ya mwenye haki ya ubunifu, iwe haki hiyo ipo Kenya au kwingineko. Kwa kalamu, sawa. Je, kwa dawa za jeneriki, yaani zile zenye kiini kile kile cha dawa ya awali, ila zimetengenezwa na kiwanda kingine na kuuzwa kwa bei ya chini?

Tusisahau tulikotoka. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziliwahi kugharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuliuzia shirika la Médecins Sans Frontières kwa dola 350. Waliookolewa na tofauti hiyo si matajiri.

Wala hofu haikuwa ya bure. Desemba 2008 maofisa wa forodha wa Uholanzi walizuia shehena ya losartan, dawa ya shinikizo la damu, iliyokuwa ikitoka India kwenda Brazil. Ilikuwa halali India, halali Brazil. Kosa lake ni kupitia Uholanzi. Ikarudishwa ilikotoka.

Basi mwaka 2009 Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikwenda Mahakama Kuu. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34 vya sheria ile, vikitumika juu ya dawa za jeneriki, vinahatarisha haki zao za kuishi, za utu na za afya. Akaitaka serikali ikiangalie upya kifungu cha 2.

Mwenye hataza ana haki yake, naye akidhulumiwa aende mahakamani. Lakini afisa wa forodha pale Mombasa si mkemia, wala si hakimu wa hataza. Swali la mgonjwa ni moja tu: kiini kimo au hakimo? Jibu lake hutoka maabara. Maabara hiyo ndiyo ipewe fedha kwanza, kabla ya kununua mafuta ya kuchomea mizigo.