Kiyoyozi Katika Msimu wa Masika: Kilichozama Kisiwashwe



Katika ukanda wa pwani ya Tanzania mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Zamani kiyoyozi kilikuwa kifaa cha ofisi na hoteli. Siku hizi kimefungwa hata katika nyumba za kupanga, maduka ya dawa na vyumba vya wazee wasiostahimili joto. Wengi wamekinunua kwa akiba ya miezi mingi. Hata hivyo, mazungumzo haya yanaanza na uhai kabla ya fedha, kwa sababu kiyoyozi kilichoingiwa na maji ya mafuriko kikiwashwa kinaweza kumuua aliyekiwasha, au mtoto aliyeegemea chuma chake huko nje.

Kipande cha nje kimeundwa kunyeshewa. Kisichostahimili ni kuzama. Maji ya mafuriko hubeba tope, mchanga na uchafu wa vyoo; huingia katika viungo vya nyaya, katika mota ya feni na katika bodi ya umeme, na yanapokauka huacha utando unaopitisha umeme. Yakiwa maji ya bahari, chumvi huendelea kula shaba na alumini. Ndiyo maana kiyoyozi kilichoanikwa juani siku mbili kikaonekana kikavu bado si salama: jua limekausha ganda tu. Na hapo ndipo watu hutegwa. Maji yamepungua, umeme umerudi, chumba kinanuka ukungu, godoro limelowa, na mwenye nyumba anaona njia ya haraka ya kukausha kila kitu ni kuwasha kiyoyozi. Afadhali afungue madirisha.

Kinga yenye nguvu kuliko zote ni kimo. Nyumba nyingi za mabondeni zina alama ya tope ukutani iliyoachwa na mafuriko yaliyopita. Pale ambapo alama imepakwa rangi, wazee wa mtaa wanaikumbuka. Kipande cha nje kifungwe juu ya alama hiyo, ama kwenye vyuma vya ukutani, ama juu ya msingi wa zege. Soketi na swichi yake nazo zipande juu, maana haina faida kuinua mtambo na kuacha nyaya zake chini. Karibu na bahari skrubu na vyuma vya kushikilia huliwa na kutu mapema, kwa hiyo vikaguliwe kabla ya Machi. Kimbunga ni nadra katika pwani hii lakini si hadithi: Unguja ilipigwa mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Upepo wa namna hiyo hung'oa kifaa kilichoshikiliwa na skrubu mbili zilizooza. Bati lililolegea juu ya paa la jirani ni hatari kubwa zaidi kwa kiyoyozi kuliko mvua yenyewe, nalo lipigiliwe mapema.

Kuna desturi ya kuvifunga vipande vya nje kwa nailoni au turubai tangu mvua ya kwanza hadi ya mwisho. Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Nailoni hufungia unyevu ndani na kuharakisha kutu, panya hupata makazi, na kiyoyozi kikiwashwa kikiwa kimefungwa hukosa hewa ya kutoa joto, hata kompresa ikaungua. Turubai linafaa kwa saa chache za dhoruba, umeme ukiwa umezimwa, kisha liondolewe.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, kiyoyozi kizimwe kabla radi haijakaribia. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa kuwa umeme huendelea kufika kwenye bodi. Izimwe swichi yake ukutani au kikata umeme chake kwenye boksi kuu. Iwapo maji yamekwisha kufika kwenye boksi hilo, au inabidi kusimama majini ili kulifikia, lisiguswe na mtu yeyote. Watu watoke, na TANESCO ijulishwe ikate umeme kutoka nje. Umeme ukirudi, viyoyozi ambavyo havikuguswa na maji visiwashwe papo hapo. Mara nyingi umeme hurudi kwa kupandapanda na kukatika tena, na bodi nyingi huungulia hapo. Dakika kumi na tano za kusubiri hazina gharama.

Kilichozama kibaki kimezimwa hadi fundi mwenye leseni akipime. Mwenye nyumba asikifungue mwenyewe, kwani kapasita yake huweza kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Anachoweza kufanya ni kupiga picha za alama ya maji kwa ajili ya bima au kwa makubaliano ya mpangaji na mwenye nyumba. Fundi hupima kama umeme unavuja kutoka kwenye mota, husafisha mapezi kwa maji safi yasiyo na kasi, na hubadilisha bodi na sponji zilizonywa maji machafu. Fundi anayefika, akakipuliza kwa hewa dakika tano na kuagiza kiwashwe, hajafanya kazi hiyo.

Wakati mwingine jibu lake huwa kwamba hakifai tena. Basi kisiuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla fundi hajaivuta gesi iliyomo na kuihifadhi kwenye mtungi. Baadhi ya gesi zinazotumika sasa zinaweza kushika moto, na anayekata bomba la shaba kwa msumeno uani kwake huiachia yote mahali watoto wanapochezea.