Apangwe Anayeweza: Msimu wa Texas Western na Mchujo Wetu

Hii ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa walimu wa michezo, makocha, wazazi na wachezaji waliokutana kujiandaa kwa mchujo wa timu za vijana za kaunti.



Nimeombwa nizungumzie uteuzi wa wachezaji. Ningeweza kuwasomea mwongozo wa mchujo kifungu kwa kifungu, lakini nakala mtapewa mlangoni na kila mmoja wenu anajua kusoma. Badala yake nitawasimulia msimu mmoja wa mpira wa vikapu wa chuo kimoja cha Marekani, msimu wa 1965 hadi 1966. Chuo chenyewe kiliitwa Texas Western. Siku hizi ni Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, na wapenzi wa riadha humu ndani huenda wanalijua jina hilo kwa sababu nitakayoifikia.

El Paso ni mji wa jangwani kwenye mpaka. Ukivuka mto uko Mexico. Wakati huo chuo hicho hakikuwa na jina wala fedha. Kocha wake, Don Haskins, alikuwa amefundisha timu za shule za sekondari katika miji midogo ya Texas, wavulana na wasichana. Alipoajiriwa mwaka 1961, sehemu ya kazi yake ilikuwa kusimamia bweni la wanamichezo, akaishi humo na familia yake. Walimu wa mabweni mliopo hapa mnaijua kazi hiyo.

Wakati huo vyuo vingi vya kusini mwa Marekani havikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja. Kulikuwa na ligi nzima ambazo Mweusi hakucheza kabisa. Huko kaskazini na magharibi Weusi walicheza, lakini kwa kipimo. Makocha walikuwa na msemo wao, wa mzaha nusu na ukweli nusu: mpange Mweusi mmoja ukicheza nyumbani, wawili ukiwa ugenini, watatu ukiona unashindwa. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, ila kila kocha aliijua, na aliyeivunja aliitwa kando akaelezwa.

Texas Western kilikuwa kimeanza kuuacha utaratibu huo kabla ya Haskins. Kilikuwa na mchezaji Mweusi, Charles Brown, tangu mwaka 1956, na Haskins alipofika alimkuta kijana Mweusi wa El Paso, Nolan Richardson, ambaye baadaye naye akawa kocha na kutwaa ubingwa wa taifa na Arkansas mwaka 1994. Huko Chicago, chuo cha Loyola kilikuwa kimetwaa ubingwa mwaka 1963 kikianza na Weusi wanne kati ya watano. Nayasema haya kwa sababu filamu iliyotengenezwa mwaka 2006, ile Glory Road, inamwonyesha Haskins akishinda kila kitu msimu wake wa kwanza. Sivyo. Ulikuwa msimu wake wa tano. Filamu hazina subira. Timu hujengwa polepole.

Wachezaji aliwatafuta mbali. Orsten Artis na Harry Flournoy walitoka Gary, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Indiana. Bobby Joe Hill alitoka upande wa Detroit. Nevil Shed, Willie Worsley na Willie Cager walitoka New York. David Lattin, mwenye mwili mkubwa kuliko wote, alikuwa wa Houston, hukohuko Texas. Kwa jumla walikuwa wachezaji 12: Weusi saba, Wazungu wanne, na mmoja mwenye asili ya Mexico. Haskins aliwafanyisha mazoezi magumu, na zaidi ya yote aliwafundisha kuzuia. Mtu akitaka kurusha mpira kwa madoido akae kwanza benchi.

Walishinda mechi 23 mfululizo. Ya mwisho kabla ya mchujo wa taifa wakapoteza mbele ya Seattle, 74 kwa 72. Hiyo ndiyo mechi pekee waliyopoteza msimu mzima.

Katika mchujo wa taifa ukishindwa mara moja unafunga mizigo. Waliitoa Oklahoma City bila shida. Cincinnati wakaitoa katika muda wa ziada, 78 kwa 76. Halafu wakakutana na Kansas, mechi ambayo ingeweza kuwafuta kabisa katika historia. Muda wa ziada wa kwanza ukiwa unakwisha, Jo Jo White wa Kansas alirusha mpira kutoka pembeni ukaingia, na watu wakaanza kusherehekea. Mwamuzi akaonyesha chini: mguu wa White ulikuwa umekanyaga mstari. Kikapu kikakataliwa, ukaongezwa muda mwingine, na Texas Western wakapita kwa pointi moja, 81 kwa 80. Waamuzi wetu mliopo, muikumbuke mechi hiyo mtu anapowaambia kwamba mstari ni kitu kidogo.

Nusu fainali walicheza na Utah. Na hapa naomba makocha mnisikilize vizuri. Utah walikuwa na Jerry Chambers, aliyefunga pointi 38 siku hiyo. Waliotumwa kumzuia walishindwa mmoja baada ya mwingine. Haskins akamwinua kutoka benchi Jerry Armstrong, kijana Mzungu, akampa kazi hiyo. Armstrong akamkaba Chambers hata akapungua makali, na Texas Western wakashinda 85 kwa 78. Bila Armstrong pengine tusingekuwa na hadithi.

Siku iliyofuata, tarehe 19 Machi 1966, ikawa fainali katika ukumbi wa Cole, Chuo Kikuu cha Maryland. Wapinzani walikuwa Kentucky, wa kwanza nchini katika orodha ya ubora, chini ya kocha Adolph Rupp aliyekuwa amekwisha kutwaa mataji manne ya taifa. Wachezaji wao wote walikuwa Wazungu. Mmoja wao, Pat Riley, mnamjua kama kocha wa Lakers wa miaka ya baadaye.

Kentucky walikuwa wafupi lakini wepesi sana. Haskins akawaza: nikipanga warefu wangu watakimbizwa. Basi akamweka benchi Shed, mrefu, akamwanzisha Worsley, ambaye kwa kipimo chetu ni kama mita 1.68 tu. Kwa hiyo watano walioanza wote walikuwa Weusi, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika fainali ya taifa ya vyuo. Flournoy akaumia goti mapema, Shed akaingia. Cager naye akaingia. Wachezaji saba tu ndio waliocheza mechi nzima, na wote saba walikuwa Weusi. Armstrong, shujaa wa jana yake, hakuingia hata dakika moja, kwa sababu mechi hii haikuhitaji alichokuwa nacho.

Mchezo wenyewe uligeuzwa na Hill. Katika kipindi cha kwanza aliwapokonya mpira walinzi wa Kentucky mara mbili mfululizo, akakimbia na kufunga mara zote mbili. Tangu hapo Kentucky wakaupiga mpira chini kwa woga. Hill alimaliza na pointi 20. Matokeo yakawa 72 kwa 65.

Kwa makocha nina hesabu moja nzuri zaidi. Kentucky walifunga vikapu 27 vya uwanjani, Texas Western 22 tu. Kwa vikapu vya uwanjani, Kentucky ndio walioshinda. Lakini Texas Western walikwenda kwenye mstari wa mitupo huru mara 34 na kufunga 28. Kentucky walifunga 11 kati ya 13. Wakati ule watu walikuwa wakisema waziwazi kwamba timu ya Weusi watupu haiwezi kucheza kwa utulivu, itavurugika mchezo ukiwa mgumu, kwamba lazima awepo Mzungu wa kuwatuliza. Hakuna mahali panapohitaji utulivu uwanjani kama kwenye ule mstari: umesimama peke yako na ukumbi mzima unakuzomea.

Baada ya mechi hakuna aliyewaletea ngazi ya kupanda kukata wavu, kama ilivyo desturi ya mabingwa. Shed akambeba Worsley akaukata. Zikafuata barua za matusi kwa maelfu. Haskins aliulizwa maisha yake yote kama alitaka kuandika historia, na jibu lake halikubadilika: alipanga wale waliocheza vizuri zaidi. Mimi namwamini, kwa sababu ya Armstrong. Mtu anayetaka kuonyesha jambo fulani kwa rangi za watu asingemtegemea Armstrong usiku wa nusu fainali.

Milango haikufunguka yote mara moja. Ligi ya Kentucky ilipata mchezaji wake wa kwanza Mweusi katika timu kubwa mwaka uliofuata, Perry Wallace wa Vanderbilt. Kentucky yenyewe ilimsajili wa kwanza mwaka 1969.

Sasa nirudi nyumbani. Sisi hatuna ubaguzi wa rangi katika michezo yetu. Tunao wa kwetu. Kanuni ambayo haikuandikwa popote tunaijua sote: huyu ni wa wadi ya fulani, yule ni wa ukoo wetu, yule mwingine baba yake alipiga simu. Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi barazani ni moja: kwa nini mtoto wangu aliachwa? Na linaloniuma ni kwamba wengi hawaulizi ili wajibiwe. Wanauliza wakiwa na jibu lao tayari.

Wapo wanaosema dawa ni kugawana nafasi sawasawa, kila wadi mchezaji wake. Naelewa wanakotoka. Wadi za mbali zimeachwa nyuma katika mambo mengi, na si michezo tu. Lakini maoni yangu ni kwamba usawa wa wadi uwe kwenye mlango wa mchujo, usiwe kwenye orodha ya mwisho. Mchujo ufike kila wadi, gari liende mpaka kule barabara inakoishia, tarehe itangazwe mapema redioni na kwa machifu, na mtoto asiye na viatu aruhusiwe kucheza. Tukilifanya hilo kikamilifu, orodha ya mwisho iamuliwe na uwanja. Wadi moja ikitoa wachezaji saba, na watoke saba. Tukimpanga mtu kwa hesabu ya wadi, tunamdhulumu yule aliyeachwa, na huyu aliyepangwa tunamdhulumu zaidi: hakuna atakayeamini kwamba alistahili, hata kama kweli alistahili.

Kwa wazazi nina upande wa pili wa hadithi hii, usiopendeza sana. Mwaka 1968 jarida la Sports Illustrated lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu wanamichezo Weusi vyuoni, na chuo cha El Paso kikakosolewa vikali humo. Shutuma ilikuwa kwamba chuo kilijua kuwachezesha vijana hawa kuliko kuwasomesha, na kwamba mabingwa walikuwa wameondoka bila shahada. Chuo kiliumizwa na makala hayo, na baadhi ya wachezaji wenyewe hawakukubaliana na picha iliyochorwa. Baadaye kadhaa kati yao walipata shahada zao, wengine wakawa walimu na makocha. Lakini swali lilikuwa halali, na mzazi yeyote anayefuatwa na wakala mwenye ahadi ya ufadhili ng'ambo aliulize kabla ya kutia sahihi: mtoto akiumia mguu mwaka wa kwanza, masomo yanaendelea au tiketi ya kurudi inakatwa?

Si swali la mbali. Miaka michache baada ya ubingwa ule, chuo hichohicho kilianza kuwachukua wakimbiaji wa Afrika Mashariki. Wakenya Wilson Waigwa, James Munyala na Michael Musyoki walikimbia huko katika miaka ya 1970, na Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyepata fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya 1980, alisoma hapo. Paul Ereng wetu, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 1988, alikwenda kuwa kocha huko El Paso. Na Emmanuel Korir, aliyetuletea dhahabu ya mita 800 kutoka Tokyo mwaka 2021, alipita mikononi mwa Ereng katika chuo hicho. Vijana wetu wameupitia mlango ambao wale saba waliuona ukiwa haujafunguka vizuri.

Timu nzima ya 1966 iliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa vikapu la Naismith mwaka 2007: wote 12, waliocheza fainali na ambao hawakucheza. Armstrong yumo.

Sasa taratibu. Mchujo utafanyika mbele ya umma na mzazi yeyote anaruhusiwa kuhudhuria, mradi asiingie uwanjani wala asimpigie kelele mwamuzi. Kila kocha mteuzi atajaza fomu ya alama kwa kila mchezaji na kuitia sahihi. Mteuzi mwenye mtoto au ndugu katika kundi atatoka, mwingine akae mahali pake. Orodha ya waliochaguliwa, pamoja na alama za wote, za waliopita na walioachwa, itabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za wadi, na mwenye malalamishi atayaandika na kuyaacha hapohapo kwa msimamizi wa wadi. Vijana waje na nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya shule. Asiye na viatu aje hivyohivyo.

Nadhani kuna mzazi pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja wadi. Mama, karibu uulize.