Kulia Mbele za Mungu: Hasira, Uchungu na Sala ya Maombolezo



Wapendwa viongozi wa halmashauri za walei na wa jumuiya ndogo ndogo, katika semina zetu tumezoea kuzungumzia haki za raia, mirathi na ardhi. Leo tunapenda kuzungumzia jambo linalotangulia hayo yote, nalo ni moyo wa mtu aliyetendewa vibaya. Mjane aliyefukuzwa katika nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe, mkulima aliyepunjwa kwenye mizani ya mahindi, kijana aliyesingiziwa wizi: kila mmoja huja kanisani Jumapili akiwa na jiwe kifuani. Je, sala yetu inampa nafasi ya kulitaja jiwe hilo?

1. Uchungu wa mahali petu

Sisi wa Songea hatuwezi kusema kwamba hatujui uchungu. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga hapa mjini mashujaa zaidi ya 60 na kuwazika katika kaburi moja. Siku chache baadaye alinyongwa pia Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake. Mashamba na maghala yalichomwa, njaa ikafuata. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika vita hivyo vya mwaka 1905 hadi 1907 walikufa watu kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, si risasi.

Kanisa nalo lililia. Mwezi Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili walipokuwa safarini kutoka pwani. Misioni ya Peramiho ilichomwa moto. Hata hivyo, baadhi ya wale waliohukumiwa kunyongwa walibatizwa na mmisionari kabla ya kufa. Basi vilio hivi viwili vimekutana katika Kanisa moja, na pengine katika ukoo mmoja. Hatuna ruhusa ya kuchagua kimoja na kukisahau kingine.

2. Biblia inatufundisha kulia

Wengi wetu tumefundishwa kwamba Mkristo mwema hanung'uniki. Lakini tukifungua kitabu cha Zaburi tunakuta kwamba zaburi za kilio ni nyingi mno. Zaburi ya 13 inamwuliza Mungu atasahau hadi lini. Zaburi ya 44 ni kilio cha taifa zima lililoshindwa vitani, nalo linamlaumu Mungu waziwazi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la faraja mwishoni. Kitabu cha Maombolezo kina sura tano za machozi juu ya Yerusalemu iliyobomolewa. Na Bwana wetu, alipokuwa msalabani, alisali kwa maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22. Mwana wa Mungu mwenyewe hakuona aibu kumwuliza Baba kwa nini amemwacha.

Tuangalie jinsi sala hizi zinavyojengwa. Kwanza, mwenye kulia anamwita Mungu kwa jina. Hazungumzi na ukuta. Pili, anasema uchungu wake bila kuupaka asali. Tatu, anaomba jambo la hakika: uniokoe, unihukumu kwa haki. Nne, mara nyingi anamalizia kwa tumaini, ingawa shida yenyewe bado ipo.

3. Si kisasi, wala si kunyamaza

Mtume Paulo, anapowaandikia Waefeso (4:26), hakatazi hasira yenyewe. Anakataza dhambi inayotokana nayo, na anataka tusilale nayo. Hasira ni kama moto wa kusafisha shamba: ukilindwa unaandaa kilimo, ukiachwa unateketeza kijiji. Zaburi ya 137 inaishia kwa laana ya kutisha juu ya adui. Lakini aliyeitamka aliipeleka kwa Mungu, akamwachia Yeye hukumu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuomboleza na kunoa panga.

Vilevile, maombolezo si kunyamaza. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tunasikitika tunaposikia mama aliyepigwa akiambiwa asamehe upesi ili nyumba isiaibike. Msamaha ni zawadi, haukamuliwi kwa nguvu. Tena anayesamehe lazima kwanza aruhusiwe kusema alichotendewa. Mama huyo asindikizwe kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, na sala imsindikize huko, isimzuie.

Wazao wa Nduna Songea wametupa mfano. Kwa miaka mingi wamedai fuvu la mzee wao, linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani. Hawakulipa kisasi, wala hawakunyamaza. Tarehe 1 Novemba 2023, miaka 117 baada ya vifo vile, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea, akaomba msamaha, na kuahidi kwamba watajitahidi kulitafuta. Kama kilio kile kingezimwa, nani angeombwa msamaha?

4. Tufanye nini?

Msibani tunajua kukaa na mfiwa: tunaketi naye chini, hatumwambii aache kulia. Tufanye hivyo pia kwa aliyedhulumiwa.

(a) Katika jumuiya, isomwe zaburi moja ya kilio, kisha tukae kimya, na mwenye uchungu aseme akitaka. Asikatizwe, asihubiriwe, na asemayo yasitoke nje.

(b) Kila mmoja ajifunze kuandika au kutamka maombolezo yake kwa hatua nne tulizozitaja.

(c) Kilio kikishasikika, kiongozi aulize: haki inadai nini hapa? Pengine ni usuluhishi katika baraza la kata, pengine ni mahakama, pengine ni kumwendea jirani kwa unyenyekevu.

(d) Kila tarehe 27 Februari, tunapowakumbuka mashujaa, tuwaombee marehemu wote wa vita vile, wa pande zote.

Ndugu wapendwa, amani isiyopitia machozi ni kovu lililofunika usaha. Bwana Mfufuka aliwatokea wanafunzi wake akiwa na madonda yake wazi, ndipo akawapa amani. Nasi tusifiche yetu.

Kristo, amani yetu, awabariki nyote.