Nani Avuke Maji, Mtoto au Huduma?

Mada kwa semina ya walimu wakuu, maafisa wa elimu na wazazi, Rusinga



Nimeombwa nizungumzie uongozi wa elimu maalumu na huduma za wanafunzi pale kaunti ndogo zaidi ya moja zinapohusika. Hapa kisiwani Rusinga, kaunti ndogo ya Mbita, Homa Bay, jambo hilo tunaliishi. Uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi mwisho wa Julai, na ukifunguliwa, familia hufuata samaki. Mtoto aliyeanza mwaka akisoma Rusinga, ikifika Septemba huenda yuko kisiwa cha Remba, au ameshuka hadi Sori au Muhuru Bay, ambako ni Nyatike, kaunti ya Migori. Mtoto asiye na ulemavu akihama hivyo hupoteza masomo ya wiki kadhaa, kisha hupata dawati. Mtoto asiyesikia, au mwenye kifafa, au anayehitaji maandishi makubwa, hupoteza yote yaliyokuwa yamejulikana kumhusu. Ripoti yake ya tathmini imebaki kwenye droo ya shule aliyotoka. Mwalimu mpya anaona mtoto mkimya, au mkaidi, na kumkalisha nyuma.

Hoja yangu ni kwamba anayeongoza elimu maalumu katika kaunti ndogo kadhaa ana swali la kujiuliza juu ya kila mtoto, kabla hajagusa bajeti wala ramani ya jengo: nani asafiri, mtoto au huduma? Tukilijibu vibaya tunamtenga mtoto na mama yake pasipo sababu, au tunamwacha kwao akiwa mpweke katikati ya wanafunzi sitini.

Tukumbuke tulikotoka. Eneo hili lote, Homa Bay na Migori, lilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini. Vituo vya tathmini, hivi tunavyoviita EARC, vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmaki, na miaka miwili baadaye ikaja KISE, chuo cha kuwafundisha walimu wa elimu maalumu. Wazo la vituo lilikuwa jema sana: mtoto apimwe karibu na kwao, mzazi aelezwe, mwalimu aelekezwe, na afisa wa kituo atoke ofisini kwenda shuleni. Baadaye wilaya zikagawanywa, zikagawanywa tena, na leo Homa Bay ina kaunti ndogo nane na Migori nane. Kila mgawanyo ulileta mkurugenzi mpya na muhuri mpya. Haukuleta mtaalamu mpya wa kupima usikivu, wala fundi wa viti vya magurudumu, wala mwalimu wa breli. Ofisi hugawanyika kwa tangazo la gazeti la serikali. Mtaalamu hupatikana kwa miaka ya mafunzo.

Wakati huohuo mahitaji ni makubwa kuliko kwingi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi. Kwa Homa Bay ilikuwa asilimia 4.3, karibu maradufu, na ni miongoni mwa kaunti zilizoongoza nchini. Wapo wanaoisoma takwimu hii kama aibu. Mimi naisoma kama kazi: hawa ni watu waliotajwa na jamaa zao mbele ya karani wa sensa. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kusema kwamba hatukujua kuwa wapo.

Sasa turudi kwenye swali. Nitaanza na watoto viziwi, kwa sababu hapo ndipo tunapokosea kwa nia njema. Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu imelipa neno ujumuishi uzito mkubwa, na mimi naiunga mkono. Lakini lugha haifundishwi kwa mtoto mmoja mmoja. Mtoto huipata kwa kuishi na wanaoitumia. Msichana kiziwi wa miaka saba akiwekwa peke yake katika darasa la wanaosikia, na mwalimu anayejua ishara za salamu na za kwenda msalani, hajajumuishwa na mtu yeyote. Anakaa hapo siku nzima bila lugha, na miaka ambayo ubongo wa mtoto hupokea lugha kwa wepesi inampita. Katiba ya 2010 imeitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na imeifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtoto huyu ana haki ya lugha hiyo kabla hajafika Bungeni. Basi yeye asafiri. Aende Lambwe, kwenye shule ya viziwi, au kwenye kitengo ambacho kaunti ndogo mbili tatu zimekubaliana kukijenga pamoja, kiwe na watoto wa kutosha kuchezeana, kugombana na kutaniana kwa ishara. Lakini asipelekwe kama mzigo ulioshushwa bandarini. Mama yake, nyanya yake na ndugu zake wafundishwe ishara wakati wa likizo, la sivyo atakuwa anarudi nyumbani kila Aprili na Agosti kama mgeni.

Na kabla hajasafiri, apimwe masikio vizuri. Watoto wengi wa maeneo kama yetu husikia vibaya kwa sababu ya usaha wa masikio uliokaa miezi bila dawa, na wengine usikivu huharibika baada ya malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Usaha unatibika katika zahanati. Inauma kumtuma mtoto shule ya bweni ilhali alichohitaji ni kusafishwa sikio na kupewa dawa akiwa na miaka mitatu.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo au aliyepooza miguu, ambaye akili yake inakwenda sawa na ya wenzake, jibu linageuka. Huyu hana haja ya kuondoka Rusinga. Kinachomzuia ni ngazi tatu mlangoni, choo asichoweza kuingia, na njia ya mawe kati ya nyumbani na shule. Kumpeleka Kisumu kwa sababu ya ngazi tatu ni kumwadhibu kwa kosa la fundi. Hapa huduma ndiyo isafiri: fundi aje, saruji ije, mtaalamu wa viungo apite mara kwa mara kumwelekeza mama mazoezi. Kiti cha magurudumu nacho kichaguliwe kwa ardhi yetu, chenye magurudumu mapana na vipuri ambavyo fundi wa baiskeli wa Mbita anavijua.

Asiyeona kabisa yuko katikati. Breli inahitaji miaka ya mwanzo ya mkazo pamoja na mwalimu aliyebobea, kwa hiyo huenda akaanza mbali kisha akarudi akiwa na mashine yake na mwalimu wa kumtembelea. Mwenye uoni hafifu mara nyingi anahitaji miwani, kiti cha mbele na karatasi yenye herufi kubwa. Mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji anahitaji kitengo kilicho karibu na nyumbani, na mtaala wa hatua kwa hatua ambao mfumo wa sasa umeuruhusu, ule unaomwongoza hadi kazi za mikono na kujitegemea.

Kisha kuna wale ambao hatuwaiti wa elimu maalumu, na kwa hiyo hawana afisa. Kanda yetu ya ziwa ina ugonjwa wa seli mundu kwa wingi. Mtoto mwenye ugonjwa huo anakosa shule wiki mbili kila anaposhikwa na maumivu, anarudi, anapigwa na baridi ya mvua paredini, analazwa tena. Shule inamwandika mtoro. Na wapo wasichana: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Homa Bay walikuwa wamewahi kushika mimba, na Migori ni hivyohivyo. Mwongozo wa kuwarudisha shuleni upo tangu 2020. Ofisi ya huduma za wanafunzi inayostahili jina hilo huwabeba na hawa, kwa faili lilelile na mezani palepale.

Tatizo letu la kiutawala ni kwamba hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya yote niliyoyataja. Walimu ni wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Shule za msingi na vituo vya tathmini ni vya wizara. Chekechea na zahanati ni za kaunti. Kadi ya ulemavu hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya tathmini ya daktari hospitalini, ambayo si ile tathmini ya elimu. Mzazi wa kisiwa cha Mfangano hulipa nauli ya mashua na ya matatu kwa safari ya kwanza, halafu huambiwa aende kwingine kwa safari ya pili. Anayeongoza hapa hawezi kuamrisha. Anaweza kuita watu, kufuatilia na kukumbusha. Ndiyo maana nasema afisa wa elimu maalumu anayekaa ofisini akisubiri barua hajaanza kazi.

Wenzetu ng'ambo wamewahi kukutana na ugumu wa aina hii. Katika jimbo la New York, mwaka 1948 sheria iliruhusu wilaya ndogo za shule kuunda bodi za ushirikiano. Wilaya moja pekee isingeweza kumwajiri mtaalamu wa matamshi kwa ajili ya watoto wanne. Wilaya kumi ziliweza, naye akawa anazunguka. Bodi hizo zipo hadi leo. Hatuna fedha za New York, lakini hesabu ni ileile. Mbita, Suba, Ndhiwa na Nyatike zikikaa pamoja zinaweza kuwa na timu moja inayozunguka: mpima usikivu, mtaalamu wa viungo, mwalimu wa breli, mwalimu wa ishara. Hata walimu waliokwisha kusomea KISE na sasa wanafundisha madarasa ya kawaida wanaweza kupangiwa siku ya kuzunguka, TSC ikikubali.

Kati ya 2013 na 2017 eneo hili lilikuwa na mradi wa Pamoja wa shirika la Leonard Cheshire, uliowasaidia wasichana wenye ulemavu zaidi ya 2,000 katika shule 50 za kanda ya ziwa, Mbita na Migori zikiwemo. Baadhi yenu mlishiriki: vikundi vya wazazi, vilabu vya watoto, vyoo vilivyorekebishwa, upimaji uliofanywa shuleni. Hatuhitaji kubuni hayo upya. Mradi una tarehe ya kumalizika, na lililobaki ni letu kuliingiza kwenye kazi ya kila siku ya ofisi.

Kwa hiyo naomba tuanze na faili. Kila mtoto aliyetathminiwa awe na kijitabu kinachokaa kwa mzazi, kama kile cha kliniki ya watoto wachanga, kikiwa na matokeo ya vipimo, anachoweza, anachohitaji darasani, dawa anazotumia, na jina la mwalimu wa mwisho aliyemfundisha. Nakala ibaki shuleni, nyingine EARC. Mtoto akihamia Sori, kijitabu kinakwenda naye, na afisa wa Mbita anampigia simu mwenzake wa Nyatike. Cheti cha kuzaliwa nacho kishughulikiwe mapema, kwa kuwa asiye na cheti ni vigumu kumwingiza kwenye mfumo wa wanafunzi wa wizara, na asiyemo kwenye mfumo hahesabiwi ruzuku inapogawanywa. Walimu wakuu wakumbuke pia Baraza la Mitihani: muda wa nyongeza, karatasi ya breli au ya herufi kubwa hupatikana pale hali ya mtahiniwa ilipoandikwa wakati wa usajili. Mwezi wa mtihani huwa tumechelewa.

Kwa wazazi nasema kwa heshima. Najua neno chira, laana ya kuvunja mwiko, bado linatajwa chinichini mtoto anapozaliwa na ulemavu, na najua mama ndiye anayeelekezewa macho. Hatutalimaliza kwa mihadhara. Nimeona linapungua mama mwenye mtoto kama huyo anapomtembelea mama mwingine jikoni kwake, na mtoto wa kwanza akiwa tayari anavaa sare. Wahudumu wa afya ya jamii wanaingia kila nyumba. Wafundishwe dalili chache za kuangalia, na wawe na namba ya simu ya EARC. Kule Mfangano redio ya Ekialo Kiona husikika hadi ufukweni. Siku za upimaji zitangazwe humo.

Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko hapa kisiwani, mwaka 1959 aliwasafirisha wanafunzi 81 kwa ndege hadi Marekani kwa sababu chuo walichokihitaji hakikuwa hapa. Aliomba fedha kwa watu ambao hakuwa na mamlaka yoyote juu yao, akapanga orodha, akafuatilia. Namtaja kwa sababu uongozi ninaouzungumzia ni wa namna hiyo.

Mapendekezo ninayoyaleta mbele yenu yana kalenda. Muhula wa kwanza, kabla ya Aprili, kila shule ya Rusinga, Mfangano, Takawiri na Remba itoe orodha ya watoto wote wenye mahitaji, pamoja na wale walio nyumbani ambao chifu na wazee wa mtaa wanawajua. Aprili hadi Julai, omena ikiwa imefungwa na wazazi wengi wakiwa nyumbani, timu ya tathmini izunguke. Mashua ya idara ya afya inayopeleka chanjo visiwani iwachukue na wapimaji, ili nauli iwe moja. Daktari wa kadi ya ulemavu aandamane nao siku hiyohiyo. Agosti, kabla familia hazijahama, vijitabu viwe mikononi mwa wazazi, na orodha ya wanaotarajiwa kuhama iwe imefika Nyatike na Suba. Naomba wakurugenzi wa kaunti ndogo za Mbita, Suba na Nyatike wakubaliane leo, kabla hatujaondoka, ni nani atakayeitunza orodha hiyo.