Kitabu Tulichoazima Tusikirudishe

Hotuba ya wanakwaya wa kwanza katika Ibada ya Shukrani, Yubile ya Miaka 50 ya Kwaya

 

Tumepewa dakika kumi na tano tueleze jinsi kwaya hii ilivyoanza. Mnatujua. Mwanakwaya ukimpa dakika kumi na tano huchukua arobaini, kwa hiyo leo tumeandika ili tusipitishe muda.

Sisi tulioimba siku ya kwanza tulikuwa kumi na wanane. Leo tuliosimama hapa mbele ni sita. Wenzetu wengine walitutangulia, na wawili ni wagonjwa nyumbani. Tunaongea kwa niaba yao wote, hata katika lile jambo ambalo hatujawahi kulisema mbele ya kanisa.

Wengi wenu mnadhani kwaya hii ilianzia hapa madhabahuni. Haikuanzia hapa. Ilianzia kwenye maktaba ya chuo cha Kikristo tulichosomea, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapa. Jumapili tulikuja kuabudu nanyi, nanyi mkatupokea kama watoto wenu, mkatupa uji na ndizi, kisha mkatupa na kazi ya kuimba. Lakini wiki nzima tulikuwa kule.

Maktaba ile ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la mabati. Mlangoni kulikuwa na ubao wa kuachia mikoba, na baada yake meza ya mkutubi. Tulimwita Mama Maktaba, na yeye hakukataa jina hilo. Kushoto kulikuwa na kabati la droo ndogo ndogo zilizojaa kadi. Ukitaka kitabu, hukwenda moja kwa moja kwenye rafu. Ulivuta droo, ukapekua kadi kwa jina la mwandishi au kwa somo, ukanakili namba, ndipo ukaenda kutafuta. Vitabu vya dini vilianzia namba 200 na vya muziki 780. Namba hizo mbili tunazikumbuka hata leo kuliko namba zetu za simu.

Nyuma ya kila kitabu kulikuwa na kifuko cha karatasi chenye kadi. Ukiazima, unaandika jina lako, Mama Maktaba anabaki na kadi, kisha anagonga muhuri wa tarehe ya kurudisha. Ukichelewa unalipa faini. Senti zenyewe zilikuwa chache, lakini na sisi hatukuwa nazo. Vitabu vilivyotakiwa na darasa zima vilikaa mezani kwake, na uliruhusiwa kusoma kwa saa mbili tu. Wakati wa mitihani tulipanga zamu: mmoja anasoma, mwingine anasubiri nje akiangalia saa. Urafiki mwingine uliovunjika chuoni ulivunjikia hapo. Na ndoa mbili za kwaya hii, tukubali, zilianzia kwenye foleni hiyo hiyo.

Jioni jenereta iliwashwa saa moja na kuzimwa saa nne. Dakika tano kabla ya kuzimwa, taa zilipepesa mara moja, na chumba kizima kilikunja madaftari kwa pamoja.

Baadhi yetu karo haikutosha. Chuo kilituruhusu kulipa pengo hilo kwa kazi, nasi tukapangiwa maktaba. Tulifagia, tulipangusa vumbi, tulirudisha vitabu kwenye rafu, na Jumamosi tulikaa nyuma ya chumba na sufuria ya gundi tukivishona na kuvibandika vitabu vilivyoachia migongo. Ndipo tulipokikuta kitabu chenyewe.

Kilikuwa kwenye 780, chembamba, jalada la karatasi ngumu ya kaki. Hakikuchapishwa kiwandani. Mwanafunzi mmoja aliyetutangulia alikuwa akienda vijijini wakati wa likizo, akakaa na akina nyanya, akasikiliza nyimbo zao za kupalilia, za kusaga, za kubembeleza watoto, za kuomboleza. Akaziandika kwa solfa, akazitia maneno ya sifa na maombi, akazipangia sauti nne. Zilikuwa nyimbo 42. Alizipiga kwa taipureta juu ya stensili, zikarudufiwa kwenye mashine ya mkono, zikashonwa. Nakala nyingine hatukuwahi kuiona popote.

Vijana, tuwaambie kidogo kuhusu solfa, maana siku hizi mnaimba kwa kusikiliza simu. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich kule Uingereza, aliianza njia ya kuandika sauti kwa herufi, na mchungaji John Curwen akaikuza na kuieneza katika karne ya 19. Wamisionari wakaja nayo. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mistari mitano wala vichwa vya noti. Herufi d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta na vituo vya kupimia mapigo, zinatosha. Mwenye taipureta anaweza kuandika wimbo mzima, na asiye na kinanda anaweza kuusoma. Kwaya nyingi za nchi hii zimelelewa na herufi hizo saba.

Tulianza kujifunza nyimbo zile palepale, tukishona vitabu. Kuimba maktabani kulikatazwa kabisa. Lakini ninyi mnajua mvua ya huku kwetu: saa tisa alasiri imefika. Ikipiga mabati, mtu hasikii hata anayemwita. Basi mvua ikianza, sisi tulianza. Soprano upande wa gundi, alto upande wa magazeti ya zamani, tena na besi wakiwa wameinama chini ya meza kana kwamba wanaokota kitu. Tulidhani Mama Maktaba hasikii.

Tulipoanza kuimba hapa kanisani, nyimbo zilizowafanya nyanya wasimame na kupiga vigelegele zilitoka kwenye kitabu kile. Nanyi mkatuchangia nauli, tukajiandikisha kwenye tamasha la muziki kule Nakuru.

Sasa tulihitaji kitabu. Kilikuwa na muhuri usemao hakiazimwi, kinasomewa ndani tu. Tulimwendea Mama Maktaba wanne, tukamsihi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akatoa kadi, akaandika jina lake mwenyewe, wala si letu, akasema, "Wanangu, kirudi Jumatatu."

Tuliimba vizuri. Tukawa wa tatu, na cheti chake kiko pale ukutani. Tukarudi kwa lori usiku, tukisimama Londiani kunywa chai kwa sababu ya baridi. Kitabu kilikuwa ndani ya kiondo pamoja na chupa ya chai na mikate. Kiondo kiliteremshwa. Kiondo hakikupandishwa. Tuligundua alfajiri, tukiwa tumekaribia nyumbani.

Wawili wetu walirudi Londiani kwa basi Jumatano. Mwenye kibanda cha chai hakuwa ameona kitu.

Wapendwa, hapa ndipo tunapoungama. Hatukwenda kwa Mama Maktaba siku ile ya Jumatatu. Hatukwenda hata Jumanne. Tulijipa sababu: mitihani imekaribia, tutatafuta tena, labda hatakumbuka. Sisi tuliokuwa tunasimama hapa kila Jumapili tukiimba habari za kweli na nuru, tulianza kupita nyuma ya majengo ili tusikutane na mama mmoja. Naye hakutuuliza. Muhula ukaisha, tukahitimu, tukatawanyika kwenda kufundisha na kuhubiri. Baadaye sana tukasikia kwamba hesabu ya vitabu ilipofanywa, gharama ilikatwa kwenye mshahara wake, na kwamba alionywa kwa maandishi.

Na nyimbo je? Tulikuwa tunazijua. Tulisema kwamba tutaziandika tena, maana ziko kichwani. Tukazoea kuimba saba tulizozipenda. Nyingine zikakaa bila kuimbwa, na wimbo usioimbwa huondoka polepole bila kuaga. Kila mwenzetu tuliyemzika alikwenda na sehemu yake ya sauti. Alipofariki mwalimu wetu wa besi, kuna nyimbo tatu tulizobaki nazo kama nyumba iliyong'olewa nguzo ya kati.

Mwaka juzi, kamati ya Yubile ilipoanza kukutana, mchungaji alitufundisha Walawi sura ya 25. Tulikuwa tunafikiria keki, hema na sare mpya. Yeye akatuonyesha kwamba katika mwaka wa hamsini tarumbeta ilipigwa Siku ya Upatanisho, na kila mtu akarudishiwa kilicho chake: shamba kwa mwenye shamba, mtumwa kwa jamaa zake. Tulitoka kwenye somo lile kimya. Hatukuhitaji kuulizana tunawaza nini.

Tulikwenda wanne kwa Mama Maktaba, kama tulivyokwenda mara ya kwanza. Ni mzee sasa, anatembea kwa mkongojo, macho yake hayaoni vizuri. Tuliposema majina yetu alicheka. Tukamweleza yote, tukaomba msamaha. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Nilijua tangu Jumatatu ile. Kitabu nilishakilipia. Nyimbo je, mnazo?"

Tukasema tunazo chache. Akauliza kuhusu wimbo fulani wa kusaga wimbi. Hakuna kati yetu aliyeukumbuka ila mstari wa kwanza wa soprano. Basi mama yule, aliyekaa miaka yote mezani akituambia tunyamaze, akafumba macho, akaimba sehemu ya alto kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa akitusikia siku zote chini ya mvua.

Tangu siku hiyo tumefanya kazi. Tumekaa na wazee wa kanisa hili, tumesafiri kwa wenzetu waliohamia Kitale na Nairobi, tumepekua madaftari. Dada mmoja wa alto alikuta daftari la chuoni lenye nyimbo tano alizozinakili kwa mkono wakati wa mapumziko. Kati ya nyimbo 42 tumepata 26 zilizo kamili kwa sauti zote nne. Zimeandikwa kwa solfa, zimechapwa, zimejalidiwa kwa karatasi ya kaki kama mwanzo. Baada ya ibada hii tutakwenda chuoni kukikabidhi kitabu. Mama Maktaba atakuja nasi, na amesema atakagua kama namba imeandikwa sawasawa mgongoni.

Tunawaomba mambo matatu.

La kwanza, nyimbo 16 bado hazijarudi. Majina ya zile tunazozikumbuka yako ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Chini ya hema kuna meza, na vijana wawili wana daftari na kinasa sauti. Nyanya, kama una vipande viwili tu vya wimbo, njoo navyo. Usiseme ni vidogo.

La pili ni kwenu vijana. Msidhani kurekodi kwa simu ni kuhifadhi. Simu huibwa, huanguka ndani ya maji, hujaa ikafuta. Simu nayo ni kiondo. Andikeni, mweke nakala zaidi ya moja, mahali tofauti. Mwaka 1963 wanamuziki waliopewa kazi ya kututengenezea Wimbo wa Taifa walichukua wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, wakauandika, nasi sote tunauimba mpaka leo. Na hapa kwetu, mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kama isukuti yenye ngoma za kusikika kijiji cha pili iko hatarini, sembuse wimbo wa nyanya mmoja jikoni. Ndiyo maana kitabu hiki kina nakala tatu: moja ya maktaba ya chuo, moja ya ofisi ya kanisa, moja ya kwaya.

La tatu ni letu sote. Kama una kitu cha mtu, kirudishe. Iwe kitabu, iwe shamba, iwe neno ulilotakiwa kulisema. Sisi tulingoja karibu miaka hamsini, tukamkuta bado hai kwa neema tu.

Tulipotaka kumlipa Mama Maktaba fedha zake, alizikataa. Alisema zinunulie maktaba vitabu vya muziki, na kwamba safari hii vikiazimwa tuandike majina yetu wenyewe.

Kwaya itaimba sasa ule wimbo wa kusaga wimbi. Alto mtaisikia vizuri. Mama aliyetufundisha ameketi safu ya pili.

Mungu awabariki nyote. Amina.