Taa ya Tairi na Asubuhi ya Baridi



Juni na Julai ni miezi ya makoti mazito kwa ndugu zetu wa Mbeya, Iringa na Njombe. Alfajiri umande hutanda juu ya vioo vya magari. Ndipo dereva anapowasha gari lake na kukiona kitaa cha manjano, chenye umbo la chungu kilichokatwa katikati na alama ya mshangao ndani yake. Anashuka, anayapiga matairi teke, anayaona yamesimama. Anaondoka zake. Baada ya nusu saa taa inazimika yenyewe, naye anasema moyoni kwamba magari ya kisasa yana maringo.

La hasha! Taa ile imesema kweli, na kuzimika kwake hakukumaanisha kwamba tairi limepona.

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Hewa ikipata joto hutanuka, ikipata baridi husinyaa. Ndani ya tairi haina pa kutanukia, kwa hiyo joto huongeza msukumo wake na baridi huupunguza. Kwa tairi la gari dogo, kila joto linaposhuka kwa nyuzi 6 au 7 za Sentigredi, msukumo hupungua kwa pauni moja hivi. Hapo hakuna pancha wala msumari. Ni baridi tu.

Sasa tuchukue mfano. Gari limetoka safari, ni saa nane mchana mjini Mbeya, na hewa iliyo ndani ya matairi imefika nyuzi 50. Dereva anapita kwa fundi wa pancha, anajaziwa upepo hadi geji inasoma 32, anaridhika. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi matairi yamelala nje na joto limeshuka hadi nyuzi 7. Geji ileile sasa itasoma kama 26. Pauni sita zimekwenda usiku mmoja bila hata tundu la sindano! Dereva atasema fundi alimwibia upepo. Fundi hakuiba kitu, ila alipima tairi likiwa moto, na tairi la moto hudanganya.

Je, taa itawaka? Hapa ndugu msikilizaji nakuomba utege sikio. Taa hizi zilipata nguvu ya sheria baada ya balaa lililotokea Marekani. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone ililazimika kuyaita matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya ajali za matairi kuchanika njiani na magari kupinduka. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa huko lilipaswa kuwa na taa ya tairi. Lakini sheria hiyo inaitaka taa iwake upepo unapokuwa umepungua kwa robo nzima. Robo ya 32 ni 8. Maana yake tairi letu lenye pauni 26 linaweza kusafiri siku nyingi bila taa kusema neno, na litakapofika 24 ndipo itakapowaka. Taa hiyo ni kengele ya mwisho.

Aidha, magari mengine hayana kipimo ndani ya gurudumu. Yanahesabu tu mizunguko, kwani tairi lenye upepo mdogo huzunguka haraka kuliko wenzake. Baridi hupunguza upepo wa matairi yote manne kwa pamoja, basi kompyuta ya gari inaweza isione tofauti yoyote. Tena magari mengi yaliyotumika tunayoagiza kutoka Japani hayana taa hiyo kabisa. Mwenye gari la namna hiyo asijipongeze kwa kutoiona.

Hatari yenyewe iko wapi? Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja huzaa joto. Asubuhi ya baridi dereva hahisi kitu. Lakini ikifika mchana, gari limejaza abiria na mizigo, limeshuka Kitonga na kuingia kwenye lami iliyochomwa na jua la Ruaha Mbuyuni, hapo nyuzi na mpira vinaachana, tairi linapasuka. Watu watasema ni bahati mbaya, ilhali ajali hiyo ilianza alfajiri, gari lilipokuwa bado limeegeshwa.

Tufanye nini basi? Kwanza, tupime asubuhi kabla gari halijatembea, au baada ya kusimama saa tatu au zaidi. Pili, tufuate kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, haihusiani na mahitaji ya gari lako. Tatu, tusipunguze upepo wa tairi lililo moto kwa sababu tu geji imepanda, kwani likipoa litakuwa pungufu. Nne, taa ikiwaka, ipimwe tairi moja moja, na la akiba lisisahauliwe. Lile linaloshuka peke yake lina tundu, na hilo si kosa la baridi. Iwapo taa inapepesa kwa dakika moja kisha inabaki imewaka, aghalabu mtambo wenyewe una hitilafu, mathalani betri za vipimo zimekwisha.

Geji ya mkononi ni kitu kidogo, bei yake hata haikaribii bei ya tairi moja. Mwenye daladala ambaye hajampa dereva wake geji hana haki ya kumlaumu siku tairi litakapopasuka. Nawe abiria, unayo haki ya kuuliza kabla ya kupanda kama matairi yamepimwa asubuhi hiyo. Utachekwa, lakini uliza.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Wingu la manjano likitanda mbele ya usukani, tusingoje mpaka tulowe.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.